Kuunguliwa na Nyumba: Maneno na Desturi za Unguja katika Kujenga Tena

Mtu akifikwa na moto nyumbani mwake, Waunguja hawasemi tu kwamba nyumba yake imeungua, husema, "Fulani ameunguliwa na nyumba." Neno hili lafaa kutazamwa kwanza, kwa kuwa ndani yake mna desturi nzima. Kuungua ni jambo la nyumba, kuunguliwa ni jambo la mtu. Katika karatasi hii twakusudia kueleza maneno hayo na desturi ziyafuatazo, kisha tueleze jinsi nyumba ya udongo na nyumba ya mawe zinavyopokea moto na zinavyotengenezwa baada yake. Nyumba hizi mbili haziungui namna moja, na mtu asiyejua tofauti yake aweza kubomoa ukuta mzima na kuuacha ukuta mbovu usimame.

I. Maneno

Kitendo cha asili ni kuungua, nacho hakina mtendaji: nyumba huungua kama mtu afavyo na kama mvua inyeshavyo. Kikitiwa kauli ya kutendea, kisha kauli ya kutendwa, hupatikana kuunguliwa. Ndivyo ilivyo kufa na kufiwa, kunyesha na kunyeshewa, kupotea na kupotelewa, kuharibika na kuharibikiwa. Katika maneno haya yote jambo limetukia lenyewe, wala hapana aliyelitenda. Lakini yuko mtu lililomwangukia, naye ndiye atajwaye kwanza. Basi aliyefiwa na aliyeunguliwa wamo katika safu moja ya lugha, na katika desturi pia huendewa kwa namna moja, kwa miguu, kwa haraka, na pasipo kungoja mwaliko.

Kuchomwa ni neno jingine kabisa. Asemaye, "Nyumba ile imechomwa," amekwisha kusema kwamba yuko mchomaji, ingawa hakumtaja. Kwa hiyo mtu mwenye adabu husema "imeungua" mpaka jambo lichunguzwe. Kuunguza husemwa zaidi kwa asiyekusudia, kama mpishi aliyeunguza wali. Kuteketea ni kuungua hata pasisalie kitu; nyumba iliyoungua chumba kimoja haikuteketea, na aulizaye habari kwa mbali hutaka kujua kwanza ni lipi katika haya mawili. Kubabuka ni kwa ngozi, au kwa rangi na lipu, vikipigwa na joto vikatoka maganda. Masizi ni weusi wa moshi ulioganda ukutani.

Yako pia maneno ya kitu kinachobaki, na katika haya matatu yatazamwe kwa makini. Kiwanja ni ardhi ingojayo nyumba. Mahame ni mahali palipohamwa, watu wasikusudie kurudi. Gofu ni nyumba ya mawe iliyobaki kuta tupu, haina dari wala paa. Kiwanja hutazama mbele, na mahame hutazama nyuma. Gofu li katikati ya hayo mawili, laweza kurudi kuwa nyumba, na laweza kuwa mahame. Litakuwa lipi, mara nyingi huamuliwa katika miezi michache ya kwanza, na sehemu kubwa ya maneno yetu yafuatayo ni juu ya miezi hiyo.

II. Siku za kwanza

Moto ukishika nyumba ya makuti, wazee walikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Wengine walipokezana ndoo za maji kutoka kisimani, na wengine walipanda juu ya nyumba ya jirani kuiezua, yaani kuyaondoa makuti yake, ili moto ukifika usikute chakula. Jirani alikubali nyumba yake nzima ivuliwe paa kwa ajili ya mtaa. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo magari ya Kikosi cha Zimamoto na Uokozi hayawezi kupita kila mahali, mikono ya jirani bado ndiyo ifikayo kwanza.

Moto ukizimwa, watu huja kutoa pole. Ajaye humwambia mwenye nyumba, "Pole, bwana," au "Pole, bibi, Mungu atakupa jingine", naye hujibu, "Nishapoa." Jibu hili hutolewa kwa kila pole, hata kwa mtu aliyejikwaa tu, lakini kwa aliyeunguliwa hulingana na jambo lenyewe. Kupoa husemwa kwa chakula kilichotoka jikoni, kwa homa, kwa hasira, na kwa kaa la moto. Asemaye "Nishapoa" huku moshi ungali ukitoka nyuma yake hasemi kwamba hana uchungu. Asema kwamba amepokea neno la mwenziwe.

Pole haiji mikono mitupu. Huletwa chakula kilichokwisha kupikwa, maana aliyeunguliwa hana jiko. Huletwa khanga na shuka, mikeka na sufuria. Fedha hutiwa mkononi wakati wa kupeana mikono, wala hazihesabiwi mbele ya watu. Msikitini baada ya sala hutangazwa mchango. Watoto hugawanywa kwa jamaa. Mithali husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," lakini aliyeunguliwa hapewi jembe upesi. Hata hivyo yeye mwenyewe huijua mithali hiyo, na haya ya kukaa kwa watu ndiyo impayo haraka ya kurudi kwake.

Haraka hiyo ni njema kwa watu, bali kwa nyumba yaweza kuwa hatari. Yako mambo ya kufanya kabla ya kufagia. Polisi na watu wa zimamoto wapewe nafasi ya kutazama mahali moto ulipoanzia; sheha wa shehia apewe habari, kwa kuwa barua yake huhitajiwa katika afisi nyingi, hasa ikiwa hati ya nyumba na vyeti vya kuzaliwa vimeungua. Nyaya za umeme zikatwe na fundi kabla ya mtu kuingia. Wala asiingie mtu chini ya dari iliyoungua kwa ajili ya kuokoa sanduku, kwa sababu tutakazozieleza.

III. Nyumba ya udongo

Nyumba ya shamba, na zamani nyumba nyingi za Ng'ambo, ilijengwa kwa miti na udongo. Nguzo husimikwa ardhini. Juu yake hulazwa miti ya kuchukua paa, iitwayo mitambaapanya. Kutoka hapo hupandishwa makombamoyo hata kileleni, na juu ya makombamoyo hufungwa pao. Kuta hufanywa kwa fito zilizofungwa kwa kamba za nazi, kulala na kusimama. Kisha huja kazi mbili zenye majina yake. Kutomea ni kujaza udongo na vijiwe katika nafasi za fito. Kukandika ni kupaka udongo juu hata uso wa ukuta uwe sawa. Mwisho hufuata kuezeka, kwa makuti ya viungo, ambayo kila jani lake hukunjwa juu ya ufito na kufungwa. Makuti ya kumba ni ya kusukwa tu, nayo hufaa zaidi ua kuliko paa.

Moto katika nyumba hii hula kwanza makuti, na katika miezi ya kaskazi, jua likiwa kali na upepo ukivuma, hauhitaji zaidi ya cheche moja. Paa lote laweza kwisha kabla maji hayajafika. Lakini kesho yake mara nyingi kuta zimesimama, na udongo wake umekuwa mgumu kuliko jana, kwa kuwa umechomwa kama mfinyanzi achomavyo chungu. Mtu asidanganywe na ugumu huo. Nguvu ya ukuta huu haimo katika udongo, bali katika fito zilizo ndani, na mahali joto lilipopenya fito zimekuwa makaa na kuacha mianya. Fundi hugonga ukuta kwa kipande cha mti. Ukiitika kama mtungi mtupu, hubomolewa hapo na kufungwa fito mpya. Nguzo nazo hukwanguliwa makaa yake hata mti mzima uonekane. Iliyoliwa zaidi huondolewa.

Hayo yakiisha, kazi iliyobaki ni ya watu wengi zaidi kuliko fedha nyingi. Wanawake husuka makuti, wanaume hukata miti na kuezeka, vijana hukanyaga udongo na kuchota maji, na mwenye nyumba hupika chakula cha wote. "Jifya moja haliinjiki chungu," wasema wazee, na nyumba ya udongo ndiyo ithibatishayo mithali hiyo, kwa kuwa kila kitu chake chatoka shambani na kila mkono wajua kazi yake. Siku hizi mabati na matofali ya saruji yamechukua mahali pa makuti na fito katika nyumba nyingi. Hatari ya cheche imepungua, lakini aliyeunguliwa sasa huhitaji fundi na duka ambapo babu yake alihitaji jirani tu. Makuti yamebaki sana katika mahoteli ya pwani ya mashariki na ya kaskazini, na huko moto wake ungali ukirukaruka paa hata paa kama zamani.

IV. Nyumba ya mawe

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kwa chokaa, na kwa boriti za mkoko. Ili kufahamu moto unavyozidhuru, yafaa kukumbuka chokaa inavyopatikana. Mchoma chokaa hupanga magogo kwa duara, hupakia juu yake vipande vya matumbawe, na kutia moto. Tanuu hiyo ikifikia joto la nyuzi 900 hivi za sentigredi, jiwe huacha hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake, likawa jeupe, jepesi, lenye kiu kubwa ya maji. Likimwagiwa maji huchemka, huvimba, na kuvunjika kuwa unga. Unga huo ukiisha kupoa na kukaa katika maji muda mrefu, huchanganywa na mchanga na udongo mwekundu, ukajenga ukuta. Na ukutani hurudi polepole kuwa jiwe kwa kuipokea tena hewa ile iliyoiacha motoni.

Basi nyumba ya mawe ikiungua kwa moto mkali na wa muda mrefu, moto huufanyia ukuta kazi ile ile aliyoifanya mchoma chokaa. Uso wa jiwe huanza kuwa chokaa mbichi. Siku ya kwanza hapana kinachoonekana ila masizi na lipu iliyobabuka, na watu husema, "Alhamdulillahi, mawe hayaungui." Kisha huja mvua. Maji hupenya uso ule, chokaa mbichi huvimba, na ukuta uliosalimika na moto huanza kumong'onyoka kwa maji. Jambo hili ni kinyume cha lile la shamba, kwani moto huugumisha udongo kwa kadiri yake, na jiwe la pwani hulilegeza.

Mwashi hutambua madhara hayo kwa macho na kwa nyundo. Jiwe zima hulia kwa sauti ya wazi. Lililoungua hutoa sauti nzito iliyokufa, na likikwanguliwa kwa kisu hutoka unga. Rangi pia husema, kwa kuwa penye wekundu mahali pasipokuwa nao zamani joto lilikuwa kali, na penye weupe kama unga lilizidi. Mara nyingi madhara hayaendi mbali ndani. Ukuta wa nyumba hizi ni mnene, na baada ya kuondoa uso uliokufa, moyo wake huonekana mzima. Ndiyo maana twasema asiharakishe mtu kubomoa. Ukuta unaoonekana mweusi wa kutisha waweza kuwa na ugonjwa wa ngozi tu.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo darini. Chumba cha Mji Mkongwe ni chembamba kwa kuwa upana wake hufuata urefu wa boriti, kiasi cha mita 3 au pungufu. Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe humwagwa zege la chokaa lililopigwa kwa vipande vya mti hata kuwa sakafu. Sakafu hiyo ni nzito sana. Boriti ikiungua nje hujifunika kwa makaa yake na yaweza kuendelea kuchukua mzigo. Lakini ncha yake iliyoingia ukutani ikiwa imeliwa, dari huanguka pasipo kutoa ishara, pengine siku kadha baada ya moto. Tena boriti ndizo zishikazo ukuta na ukuta mwenziwe. Dari zikianguka, kuta ndefu za orofa mbili au tatu husimama peke yake kama mtu aliyepotelewa na mkongojo.

Kwa hiyo utaratibu wa mafundi wenye ujuzi huwa huu. Kwanza kuta na dari huegemezwa kwa miti. Pili hufanywa paa la muda, la mabati au turubai, ili mvua isiguse mawe. Tatu vifusi hutolewa kwa mkono, na kitu chochote kifaacho huwekwa kando: mlango wa kuchonga, bawaba na misumari ya shaba, mawe mazima. Nne uso uliokufa hukwanguliwa. Tano boriti mpya hutiwa moja moja, si zote pamoja, ili ukuta usikose mshiko. Mwisho hupakwa lipu, nayo iwe ya chokaa.

Juu ya neno hili la mwisho twasisitiza. Saruji hukauka upesi, nayo humpendeza mtu mwenye haraka ya kurudi kwake. Lakini ukuta wa matumbawe hupumua, hunywa unyevu wa ardhi na wa bahari na kuutoa tena. Ukifunikwa saruji ngumu, unyevu hufungwa ndani pamoja na chumvi yake, na baada ya miaka michache lipu hutengana na ukuta na kuanguka vipande vipande, ikivuta na mawe. Ukuta ulioponyoka motoni hupotezwa hivi na dawa yake.

V. Majumba mawili

Historia ya Unguja yatupa mifano miwili mikubwa. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipiga mizinga majumba ya Sultani, ambamo Khalid bin Barghash alikuwa amejifungia. Vita havikutimiza saa moja, lakini majumba yalishika moto na mamia ya watu waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ilipata madhara machache. Katika matengenezo ya mwaka 1897 ilipewa mnara wa saa mbele yake, badala ya ule uliovunjwa na mizinga. Jumba jipya la Sultani lilijengwa jirani, ambalo siku hizi ni makumbusho. Beit al-Hukm haikujengwa tena, na mahali pake pakafanywa bustani. Hivyo katika uwanja mmoja twaona nyumba iliyotengenezwa, nyumba iliyojengwa upya, na nyumba iliyoachwa.

Mfano wa pili ni Maruhubi, kaskazini ya mji katika njia ya Bububu. Sayyid Barghash alilijenga jumba hilo kati ya mwaka 1880 na 1882. Lilikuwa na mbao nyingi juu ya nguzo kubwa za mawe. Mwaka 1899 liliungua, wala halikutengenezwa. Mbao ziliteketea, na marumaru ya hamamu yakachukuliwa na watu. Zilizobaki ni nguzo, zimesimama safu safu pasipo kitu cha kuchukua, pamoja na sehemu za hamamu na mabirika. Mgeni azionaye hudhani moto ndio uliomaliza jumba lile. Moto uliondoa mbao; yaliyosalia yaliondolewa na mikono ya watu na miaka.

VI. Mwenye nyumba na jirani

Mbona basi gofu la leo halitengenezwi upesi? Mara nyingi sababu si moto bali milki. Nyumba ya mawe yaweza kuwa ya warithi wengi waliotawanyika, wengine Unguja, wengine Maskati au Uingereza. Au yaweza kuwa wakfu. Au ya Serikali, kwa kuwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za mji zilichukuliwa na kupangishwa jamaa wengi pamoja. Hapo aliyeunguliwa si mwenye nyumba. Mpangaji amepotelewa na vyombo, mwenye nyumba amepotelewa na kuta, na kila mmoja humngojea mwenziwe. Tena mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, ndiyo iangaliayo ujenzi wake. Kwa hiyo ruhusa yake hutakiwa kabla ya kazi. Yote haya huchukua muda, nayo masika ya Machi hata Mei hayangoji, wala vuli.

Yuko na mtu wa tatu, naye ni jirani. Nyumba za Mji Mkongwe huegemeana, na nyingi huchangia ukuta mmoja. Gofu likiachwa wazi, maji hushuka ndani ya ukuta wa shirika, na boriti za jirani ambaye hakuunguliwa huanza kuoza. Ndipo ile mithali, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," inapokuwa na maana ya wazi kabisa. Twaona yafaa basi watu watenganishe mambo mawili. Kujenga kwaweza kungoja warithi wakutane na ruhusa itoke. Kufunika hakuwezi kungoja. Paa la muda na miti ya kuegemeza havihitaji hukumu juu ya milki, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ukuta. Mchango wa mtaa, ambao kwa desturi huenda wote katika nguo na chakula, ungetoa sehemu yake kwa turubai, ungeokoa zaidi ya nyumba moja.

VII. Kuingia tena

Nyumba ikiisha, watu wengi hawaingii kimya. Huitwa jamaa na majirani, hasa wale waliotoa pole, ikasomwa hitima au maulidi, vyumba vikafukizwa ubani na udi, na watu wakala pamoja. Udi huondoa harufu ya moshi, ambayo hukaa katika chokaa muda mrefu; lakini watu watakuambia kwamba kazi yake ni kubwa kuliko hiyo. Chakula cha siku ile ndicho jibu la vile vyakula vilivyoletwa siku ya kwanza. Baada yake aliyeunguliwa haitwi tena kwa jina hilo.

Maneno tuliyoyataja ni ya Unguja. Wasomaji wa Pemba, Mombasa na Lamu wana ya kwao kwa viungo vya paa, kwa namna za chokaa, na kwa mambo ya moto. Twawasihi wayakusanye kutoka kwa waashi na waezekaji wazee wangali hai, maana fundi afapo pasipo mwanafunzi, hufa na jina la kazi yake. Na kazi isiyo na jina ni vigumu kuiagiza, hata mtu akiwa na fedha.